Takhmisi ya Rangi: Uchoraji wa Tarakilishi na Mipaka ya Uhakiki

Miongoni mwa mambo ambayo uhakiki wa fasihi umeyafungia mlango bila kuyahoji ni picha zinazochorwa na wasomaji wa vitabu na wachezaji wa michezo ya tarakilishi kutokana na kazi wanazozipenda. Picha hizi huchorwa kwa kalamu isiyo na wino juu ya kibao cha kielektroniki, hupakwa rangi tabaka juu ya tabaka, kisha husambazwa katika intaneti pasipo mhariri wala mchapishaji. Msomi wa fasihi akiulizwa kuzihusu, aghalabu hutoa jibu mojawapo kati ya mawili: ama kwamba huo ni ushabiki wa vijana, ama kwamba suala hilo ni la idara ya sanaa za uchoraji. Majibu yote mawili ni ya kukwepa. Makala haya yanadai kwamba mchoro wa aina hii ni tendo la usomaji. Kwamba mantiki yake imejulikana katika fasihi ya Kiswahili kwa muda mrefu chini ya jina la takhmisi. Na kwamba mhakiki anayeukataa atalazimika, akitaka kuwa mkweli, kukataa pia sehemu kubwa ya kile anachokifundisha.

Upinzani wa kweli haumo katika dharau, kwa kuwa dharau haina hoja ya kujibiwa. Umo katika msimamo wa Gustave Flaubert, ambaye mwaka 1862, riwaya yake Salammbô ilipokuwa karibu kuchapishwa, alikataa katakata kazi zake zitiwe picha maadamu yu hai. Sababu yake ilikuwa nzito: mwanamke aliyechorwa hufanana na mwanamke mmoja tu, ilhali mwanamke aliyeandikwa huwafanya wasomaji kuwawazia wanawake elfu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Wolfgang Iser, mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi kule Konstanz, aliafikiana naye kwa njia yake. Kwa Iser, matini ya fasihi ina mapengo ambayo msomaji huyajaza, na raha ya kusoma imo katika ujazaji huo. Anayemtazama Tom Jones wa Henry Fielding katika filamu amenyang'anywa kazi hiyo, kwa kuwa mhusika amekwisha kuletwa mbele yake akiwa kamili, na mtazamaji huhisi kwamba amepunjwa. Kwa maoni haya, mchoraji ni msomaji mmoja aliyewaziba wenzake macho.

Hoja hii ni nzuri, nayo imerithiwa madarasani bila kukaguliwa. Kosa lake ni kuchukulia kwamba kazi ya kusoma hukoma pale mkono unapoanza kuchora, ilhali ni papo hapo ambapo msomaji hugundua kwamba hakuwa amesoma.

Mfano mmoja watosha kulidhihirisha hilo. Katika juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings (1954), J.R.R. Tolkien anamleta Balrog, jini la moto na kivuli linalokabiliana na mchawi Gandalf juu ya daraja la Khazad-dûm. Mara ya kwanza, kivuli kinacholizunguka jini hilo kinalinganishwa na mabawa mawili makubwa. Aya chache baadaye mabawa yanatajwa waziwazi, yamekunjuliwa kutoka ukuta hadi ukuta, bila neno lolote la ulinganisho. Je, tashbihi imegeuka istiari, au msimulizi amefichua kiungo ambacho hapo awali kilikuwa kimegubikwa na giza? Na ikiwa ni kiungo, mbona jini hilo linaporomoka shimoni daraja linapovunjika, wala halipai? Wasomaji wa Tolkien wamelibishania jambo hili kwa miongo kadhaa. Mhakiki anayeandika ana njia ya kutorokea: hutumia neno mabawa, akaendelea na aya inayofuata, na hakuna atakayemshika ukosi. Mchoraji hana njia hiyo. Atachora mfupa na ngozi, au atachora moshi, au atatafuta namna ya kuchora kitu ambacho jicho haliwezi kukiamua kuwa ni hiki au kile. Namna hii ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na matini, kwa maana huuhifadhi utata wenyewe badala ya kuutatua. Mtu aliyeikamilisha amefanya uchanganuzi wa tamathali ambao mwanafunzi wa shahada ya kwanza angetuzwa alama za juu lau angeuandika kwa maneno.

Hapa chombo kina mchango wake, ingawa si mchango ule unaotangazwa na wanaokiuza. Mchoraji wa rangi za mafuta aliweza kuchora moshi wenye sura ya bawa muda mrefu kabla ya programu ya Photoshop kutolewa mwaka 1990. Tarakilishi haikuleta muujiza wa jicho. Kilicholetwa ni matabaka. Anayechora kwa programu za namna hiyo huweka kivuli katika tabaka moja, mwili katika jingine, mwanga katika la tatu, na kila tabaka laweza kufichwa, kufifishwa au kurudishwa pasipo kuyaharibu mengine. Uamuzi uliotenguliwa haufi. Hubaki ndani ya faili, umezimwa tu. Wanafilolojia hutumia miaka mingi wakilinganisha miswada ili kubaini mwandishi alibadili nini na lini. Faili ya mchoro yenye matabaka yake yote ni mswada wa usomaji: humwonyesha mchunguzi kwamba msomaji alianza na mabawa ya ngozi, akayazima, akajaribu moto mtupu, akarejea kwenye kivuli. Nadharia ya upokezi imezungumza sana kuhusu msomaji, lakini mara nyingi huyo ni msomaji wa kudhania tu, aliyebuniwa na mwananadharia. Ushahidi wa msomaji wa nyama na damu, unaoonyesha hatua za ujazaji wa pengo, haukuwahi kupatikana kwa wingi kama huu. Na wahakiki wameupa kisogo.

Zaidi ya hayo, kuna mambo ambayo mchoro huyaanika na ambayo insha huyafunika kwa adabu. Riwaya ya Suzanne Collins, The Hunger Games (2008), inamweleza msichana Rue kuwa na ngozi ya kahawia iliyokoza. Maelezo hayo si fumbo. Yametajwa mara mtoto huyo anapoingia katika hadithi. Hata hivyo filamu ilipotoka mwaka 2012 na nafasi hiyo kuchezwa na Amandla Stenberg, walijitokeza watazamaji waliodai kwa hasira kwamba mhusika wao amebadilishwa. Watu hao walikuwa wamekisoma kitabu, na baadhi yao wakakililia. Jicho lao lilipita juu ya kivumishi kama mtu arukaye tuta. Kama wangelitakiwa kumchora Rue kabla ya filamu, kosa lao la usomaji lingeonekana bayana, kwa maana rangi ni lazima ichaguliwe. Hapana ngozi isiyo na rangi katika mchoro uliopakwa rangi. Katika insha, mwanafunzi huweza kujadili maombolezo ya Rue kwa kurasa kumi bila mtahini kujua ni mtoto gani hasa aliyekuwa kichwani mwake.

Kisa cha Hermione wa J.K. Rowling kina uzito wa aina nyingine. Vitabu vinamtambulisha zaidi kwa nywele zake nyingi zisizotii kitana, meno marefu ya mbele na macho ya kahawia. Miaka kadhaa kabla ya Noma Dumezweni kuigiza kama Hermione katika tamthilia ya Harry Potter and the Cursed Child jijini London mwaka 2016, wasomaji wengi walikuwa wamekwisha kumchora akiwa msichana mweusi. Wapo waliorudi vitabuni kutafuta neno la kuthibitisha weupe wake, na wapo waliorudi kulikanusha neno hilo. Ni vigumu kupata kazi ya uhakiki ya miaka hiyo iliyowarudisha watu wengi kiasi hicho kwenye matini. Lakini lililo muhimu zaidi ni kile ambacho mchoro huo unaifanyia hadithi. Hermione hutukanwa kwa sababu ya damu yake, kwa kuwa wazazi wake si wachawi. Akichorwa akiwa mweusi, tusi hilo hukoma kuwa istiari ya ubaguzi na kuwa karibu na ubaguzi wenyewe. Vilevile, katika juzuu ya nne (2000) anaanzisha kampeni ya kuwatetea vibwengo watumishi ambao wengi wao hawautaki ukombozi, na marafiki zake humcheka. Msimulizi ameyatunga mambo hayo yachekeshe. Msomaji mwenye mchoro ule akilini hawezi tena kucheka kwa wepesi uleule, na huanza kuuliza ni kwa nini hadithi inayopinga ubaguzi wa damu iliona utumwa kuwa mahali pafaapo pa mzaha. Huo ni uhakiki, na ni uhakiki mkali kuliko sehemu kubwa ya yaliyoandikwa katika kuusifu mfululizo huo.

Itasemwa kwamba mchoraji ameongeza jambo ambalo mwandishi hakuliweka. Ni kweli, na hapa ndipo msomi wa Kiswahili anapopaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Katika takhmisi, mshairi huchukua shairi la mwenziwe na kuongeza mishororo mitatu kwenye kila ubeti wa mishororo miwili, hata ukawa ubeti wa mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliufanyia hivyo wimbo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Izingatiwe mahali ambapo mishororo mipya hukaa: hutangulia. Maneno ya zamani huja mwishoni mwa ubeti, bila kubadilishwa herufi, lakini sasa husikika kama hitimisho la fikra ambayo mtunzi wa kwanza hakuiwaza. Aliyetia takhmisi hajaiba, kwa kuwa jina la mwenye shairi halikufichwa. Wala hajanakili, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubeti ni yake. Amesoma hadharani. Hakuna mwalimu wa ushairi anayemfukuza Sayyid Abdalla darasani kwa kosa la ushabiki. Basi anayemchora Hermione mweusi, akazihifadhi nywele na meno na tabia kama zilivyoandikwa, kisha akatanguliza historia nyingine mbele ya maneno hayo, ametenda kosa gani lisilokuwa la Sayyid Abdalla?

Tofauti ambayo huenda ikatolewa ni ya ujuzi: takhmisi ina arudhi, na asiyeijua hawezi kuitunga, ilhali kibao cha kielektroniki chaweza kununuliwa na yeyote mwenye pesa. Kuna ukweli katika hilo, lakini ni hoja dhidi ya michoro mibaya, wala si dhidi ya mchoro.

Michezo ya tarakilishi hulifanya suala hili kuwa gumu zaidi na, kwa mwananadharia, kuwa la kuvutia zaidi. Hidetaka Miyazaki, mwelekezi wa mchezo wa Dark Souls (2011), ameeleza kwamba utotoni alisoma vitabu vya njozi vya Kiingereza ambavyo hakuvielewa kikamilifu, akawa anayaziba mapengo kwa kubuni, huku akisaidiwa na picha zilizomo. Mchezo alioutengeneza alipokuwa mtu mzima una umbo hilohilo la usomaji wenye mapengo: hadithi yake haisimuliwi mfululizo, bali imetawanywa katika maelezo mafupi ya silaha, pete na mavazi ambayo mchezaji huyaokota njiani. Chukua shujaa Artorias. Mchezo wa awali humtaja kwa sifa, akiwa amekwisha kufa, na mbwamwitu wake hulilinda kaburi. Sehemu iliyoongezwa mwaka 2012 humleta mbele ya mchezaji, lakini tayari ameharibiwa na giza alilokwenda kulipiga vita, mkono wake wa kushoto umevunjika na unaning'inia. Hakuna mahali popote ambapo mchezaji hukutana naye akiwa mzima. Kwa hiyo anayemchora Artorias mzima, mbwamwitu akiwa bado mdogo miguuni pake, hana tukio la kunakili. Anachokichora ni kile ambacho mchezo unakitegemea na hauonyeshi: thamani ya kilichopotea. Iser angelihitaji mfano wa pengo, asingeupata ulio bora zaidi ya huo; na ni jambo la kufikirisha kwamba limejazwa na mchoro, chombo kilekile kilichodaiwa kwamba huyaua mapengo.

Hata hivyo Flaubert hakuota tu. Picha iuayo mawazo ipo, isipokuwa haitoki aghalabu kwa msomaji anayechora kwake usiku. Andrzej Sapkowski alimleta Geralt, muuaji wa madubwana, katika hadithi fupi ya mwaka 1986 nchini Poland. Kuanzia mwaka 2007 kampuni ya CD Projekt Red ilitoa michezo iliyomfanya Geralt ajulikane duniani kote, na wachapishaji katika nchi mbalimbali wakaziweka picha za mchezo juu ya majalada ya vitabu. Sapkowski amelalamika kwamba kwa sababu hiyo wako waliodhani kuwa vitabu vimetokana na mchezo. Katika hadithi zake, upanga wa fedha aghalabu huhifadhiwa hadi utakapohitajika. Katika mchezo panga zote mbili zimo mgongoni daima, na michoro isiyo na idadi humwonyesha hivyo. Wengi wa waliomchora hivyo hawakumsoma Sapkowski. Walimsoma mchoraji wa kampuni. Vivyo hivyo John Howe na Alan Lee, ambao kila mmoja alikuwa ameichorea dunia ya Tolkien kwa namna yake vitabuni, waliajiriwa kubuni sura ya filamu za Peter Jackson (2001–2003), na tangu hapo njia zilizokuwa nyingi zikaelekea kuwa moja. Mwanamke mmoja aliyeogopwa na Flaubert ndiye huyo: sura yenye hakimiliki, inayorudiwa hadi ionekane kuwa ndiyo matini.

Mashine za kuzalisha picha zilizoenea kuanzia mwaka 2022 zimelizidisha jambo hilo. Mashine ya namna hii imefunzwa kwa picha nyingi mno zilizozolewa katika intaneti, na ikiagizwa imlete Geralt, humleta yule aliyerudiwa zaidi. Greg Rutkowski, mchoraji wa Poland aliyeichorea michezo kama Dungeons & Dragons na Magic: The Gathering, aligundua mwaka huohuo kwamba jina lake limekuwa neno la kuiagizia mashine itoe picha zinazofanana na zake, ambazo hakuzichora. Ikilinganishwa na takhmisi, kinyume chake ni dhahiri. Mwenye kutia takhmisi huyaacha maneno ya mwenziwe yaonekane na kuyajibu. Mashine huyasaga maneno ya wote hata yasitambulike, na haimjibu yeyote. Haikuwahi kusimama mbele ya aya ya Tolkien ikashindwa kuamua. Itachora bawa kwa sababu bawa ndilo lililochorwa na wengi.

Kwa sababu hii, kuipuuza michoro ya wasomaji si kosa dogo la kutojua. Mhakiki anayesema kwamba picha zote za aina hii ni mamoja hana namna ya kuonyesha tofauti kati ya mchoro uliotokana na kusoma na mchoro uliotokana na wastani wa michoro mingine, na tofauti hiyo sasa inahitaji watu wa kuionyesha. Wanaoistahili kazi hiyo ni wale waliofunzwa kuuliza: hili limetoka wapi katika matini? Upande wa pili, wale wanaoisifu kila picha kwa kuwa imechorwa kwa mapenzi hawausaidii uchoraji huu hata chembe. Mapenzi si kigezo. Picha nyingi mno za wasomaji hawa ni nyuso nzuri zisizo na hali, mashujaa waliosimama wakitazama mbali pasipo kuwapo kitu cha kutazamwa, mavazi yaliyochorwa kwa uangalifu ambao haukupewa tukio. Zinapaswa kuhukumiwa kwa ukali uleule unaotumiwa kuihukumu insha inayosimulia upya hadithi na kuiita kazi hiyo uchambuzi.

Idara za fasihi za Kiswahili zina sababu ya ziada ya kulianza jambo hili nyumbani. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyeutunga Utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, alikuwa pia mchonga milango na mwandishi wa hati za kupendeza, mwenye kunakili na kupamba miswada. Ukuta kati ya neno na umbo, ambao leo unaelezwa kana kwamba ni wa asili, haukuwapo katika karakana yake. Na utenzi wenyewe unaishia kwenye tukio ambalo ni mtihani kwa mchoraji yeyote. Liyongo, aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, anajikokota hadi kisimani, anapiga magoti, anatia mshale katika uta, na katika hali hiyo anakufa. Watu wa mji wanamwona amelenga, wanaamini kwamba yu hai, na hawathubutu kuteka maji. Mama yake anasihi kwa mbali. Siku zinapita kabla ya maiti kuanguka na siri kujulikana.

Mwaka 1766 Gotthold Ephraim Lessing alifunza kwamba mchoraji hana ila nukta moja ya wakati, na kwamba ni lazima achague ile inayobeba kilichotangulia na kitakachofuata. Nukta ya Liyongo kisimani inaitikisa kanuni hiyo, kwa kuwa hakuna kitakachofuata, na hofu yote ya mji imetokana na kudhani kwamba kipo. Mchoraji akimwonyesha Liyongo kutoka karibu, macho yakiwa yamekwisha kuzima, mtazamaji hujua asilolijua mji, na picha huwa ya kejeli. Akimwonyesha kutoka mbali, kutoka ilipo mitungi mitupu, mtazamaji huingizwa katika ujinga na woga wa watu wale, na picha huwa ya kutisha. Utenzi hutembea baina ya nafasi hizo mbili, kwa sababu msikilizaji amekwisha kuambiwa kuhusu sindano. Mwanafunzi wa uzamili anayewasilisha michoro miwili ya tarakilishi ya tukio hilo, mmoja kutoka kisimani na mmoja kutoka kwenye mitungi, pamoja na matabaka yake na maelezo ya beti zilizomwongoza, amewasilisha kazi kuhusu mtazamo wa usimulizi katika Utenzi wa Fumo Liyongo. Mtahini atakayeikataa atapaswa kuandika, kwa sahihi yake, ni swali lipi la fasihi ambalo michoro hiyo haikuliuliza.